Lapi Yako Haijakufa, Video Ndio Zimebadilika: Rada kwa Wasee wa Kakamega Wako na Ex-UK

Kama uko Kakamega na una lapi, chansi kubwa ni kwamba hiyo mashine ilianza maisha yake kwa ofisi fulani huko Uingereza. HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, Dell Latitude. Ikatumika miaka kadhaa, ikatolewa, ikapakiwa kwa kontena, ikashuka Mombasa, na sai iko kwa rum fulani Sichirai ama Lurambe ikipiga asaimenti mchana na movie usiku. Enyewe ni mashine ngumu. Kibodi yake inashinda ya lapi mpya ya plastiki.

Lakini kuna kitu imeanza kusumbua. Unawekewa movie kwa flashi, unaifungua, sauti inatoka lakini picha hakuna. Ama picha iko lakini inakwama kila sekunde mbili, huku feni inanguruma ka posho mill. YouTube nayo, video yenye mwaka juzi ilikuwa inapita tu, sai inapumua kwa shida.

Ukiuliza mtaani unapewa jibu moja: "Buda, hiyo imezeeka. Tafuta ingine." Na huyo mwenye anakuambia hivo mara nyingi ako na ingine ya kukuuzia.

Pole pole. Kabla umpigie mathe simu umuambie lapi ya shule imekufa, elewa kitu moja. Lapi yako haijaharibika. Kuna makampuni yamebadilisha venye video zinafungwa, na kazi ya kuzifungua wakakuachia wewe. Ukijua hiyo siri, shida mingi unaitatua bila kutoa hata mbao.

Video ni bale ya mitumba

Cheki hivi. Nguo zikitoka majuu haziji zimekunjwa poa kwa hanga. Zinashindiliwa kwa bale mpaka zinakaa jiwe, ndio zitoshee mingi kwa kontena. Bale ikishindiliwa sana, usafiri unakuwa rahisi. Lakini mwenye anaifungua huku sokoni anatoka jasho.

Video nayo ni hivo hivo. Ikiwa mbichi ni kubwa sana, haiwezi pita kwa intaneti ya mtu wa kawaida. So inashindiliwa kwanza. Ile njia ya kushindilia na kufungua ndio inaitwa kodeki.

Kodeki yenye imebeba dunia miaka mingi ni H.264, ilitoka 2003. Karibu kila kitu inaijua: simu, TV, lapi ya babu yako. 2013 ikakuja H.265, yenye pia inaitwa HEVC, na ahadi yake ilikuwa video ya ubora ule ule kwa karibu nusu ya saizi. Mwaka huo huo Google wakatoa yao, VP9. Alafu 2015 Amazon, Cisco, Google, Intel, Microsoft, Mozilla na Netflix wakaungana wakaunda kikundi kinaitwa Alliance for Open Media, na 2018 wakatoa AV1, ya bure, haina mambo ya kulipia leseni.

Kwa nini walisumbuka hivo? Juu ya doo. H.265 iko na wenye wanadai malipo ya hataza, tena sio kikundi kimoja. Na kwa kampuni ka YouTube ama Netflix, kupunguza saizi ya kila video hata kidogo ni pesa mob inabaki kwa mfuko wao.

Tusikuwe wabaya lakini, hata wewe unafaidika. Netflix walianza kutumia AV1 kwa simu za Android Februari 2020 haswa ndio watu waokoe bando. Kwa msee wa Kakamega mwenye bando anaihesabu ka unga, hiyo ni poa.

Noma ni kwamba mwenye kufungua bale ni chipu yako. Na chipu ya 2013 haikufunzwa kufungua bale ya 2018.

Soma namba ya chipu kabla ya kitu ingine

Chipu za Intel zina kasehemu kadogo ndani yake kenye kazi yake ni kufungua video tu. Kodeki ikiwa kwa orodha ya hako kasehemu, video inapita laini, betri inakaa, feni imenyamaza. Ikikosa kuwa kwa orodha, prosesa yote inatolewa kazi zake ianze kushika shovel. Hapo ndio unasikia ile posho mill.

Lapi mob za ex-UK ni Intel, so hii hesabu inakuhusu. Angalia namba ya prosesa yako. Ikiandikwa i5-4300U, hiyo 4 ya kwanza ndio gen: ya nne. i5-6300U ni ya sita. i5-8350U ni ya nane. i5-1135G7 ni ya 11.

Sasa rada iko hivi:

Gen ya 2 hadi ya 5: H.264 inapita fiti. H.265 na AV1, usitegemee ule msaada kamili wa chipu. Hapa ndio ziko EliteBook 840 G1 na G2, ThinkPad X240 na X250, Latitude E7440 na E7450.

Gen ya 6: inaongeza H.265, lakini ile ya kawaida ya bit 8. EliteBook 840 G3 na ThinkPad X260 ziko hapa.

Gen ya 7 hadi ya 10: H.265 ya bit 10 na VP9 pia zinapita. EliteBook 840 G4 na G5 ziko kwa hii mbogi.

Gen ya 11 kwenda juu: AV1 imeingia.

Kwa hivyo ukienda kununua lapi pale tao, usidanganywe na "i5" pekee. i5 ya gen ya 4 na i5 ya gen ya 7 ni watu wawili tofauti kabisa. Uliza gen. Muuzaji akianza kuzunguka, fungua mashine usome mwenyewe.

Magonjwa ni mawili, usichanganye

Hapa ndio wasee wengi hupotea, wanapewa dawa ya malaria na wanaumwa na jino.

Ugonjwa wa kwanza: video haifunguki kabisa, ama inatoa sauti bila picha, ama sauti ndio imepotea. Hii mara mingi inamaanisha programu yako haijui hiyo kodeki. Chipu haina kesi. Dawa ni ya bure na inaitwa VLC.

VLC ilianza ka kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris huko Ufaransa mwaka 1996. Wanafunzi tu, ka wale wa MMUST. Januari 2025 ilitangazwa imepita mara bilioni 6 kwa kudaunilodiwa, na bado haina tangazo hata moja ndani. Siri yake ni kwamba inabeba kodeki zake yenyewe, haingoji Windows imsaidie. Lakini lazima iwe mpya. Ile VLC ulikopiwa na mtu kwa flashi kitambo, yenye inaanza na namba 2, haijui AV1. Weka ya 3, ilianza kutoka Februari 2018, na inakubali hata Windows za kitambo sana. Toa kwa tovuti yao ya videolan.org pekee.

Hapo kwa kutoa, skiza vizuri. Ukifungua video kwa tovuti fulani ikuambie "huna kodeki, bonyeza hapa uipate", toroka. Huo ni mtego wa zamani. Kuanzia mwishoni mwa 2005 kulikuwa na kirusi kinaitwa Zlob chenye kilikuwa kinaingia kwa kompyuta za watu kikijifanya kodeki ya video. Miaka imepita lakini mbinu haijazeeka. Kodeki feki moja inaweza beba neno la siri ya eCitizen, HELB na barua pepe yako yote, na wewe ulikuwa unataka tu kuona episodi.

Ukitaka kubaki na kichezaji cha Windows yenyewe, Microsoft wanauza kiongezi cha HEVC kwa duka lao kwa dola 0.99, kitu ka soo na thate hivi. Cha AV1 ni bure. Lakini ukiwa na VLC hauhitaji kulipa.

Ugonjwa wa pili: video inafunguka lakini inakwama-kwama. Fungua Task Manager wakati inacheza. Ukiona prosesa imegonga asilimia 100, hapo chipu ndio inashika shovel. VLC itasaidia kiasi, juu imebeba kifunguzi cha AV1 kinaitwa dav1d chenye kiliandikwa kwa akili sana ndio kikimbie hata kwa chipu za kitambo. Kwa gen ya 4, 720p mara nyingi inapita. Lakini 4K ya bit 10, sahau. Hakuna maombi.

Na fundi akikuambia uongeze RAM ama uweke SSD ndio movie ziache kukwama, muulize hiyo RAM itafungua bale aje. SSD inafanya Windows iwake haraka, hiyo ni ukweli. RAM inasaidia ukifungua tabo mob. Lakini prosesa ikiwa imegonga 100 kwa sababu ya kodeki, hizo vitu mbili hazitaibadilisha gen. Kitu fundi anaweza fanya ya maana ni kusafisha vumbi kwa feni na kubadilisha ile pesti ya joto. Chipu ikichemka huwa inajipunguza speed yenyewe, na lapi ya miaka kumi yenye haijawahi funguliwa ina vumbi ya Uingereza na ya Kakamega pamoja.

Jicho lako halioni 1080p

Kuna ukweli mwingine wenye hausemwi. Hizo ex-UK mob za kitambo ziko na skrini ya 1366 kwa 768. Sasa msee anaweka video ya 1080p kwa skrini yenye haifiki 1080. Mashine inafungua bale kubwa, alafu inapunguza picha ndio itoshee. Umechoma bando, umechoma betri, umechemsha chipu, na hakuna kitu umeona zaidi.

Weka 720p. Ikiwa bado inasumbua, 480p. Stima ikipotea usiku na umebaki na betri ya ex-UK, utanishukuru.

YouTube nayo iko na ujanja wake. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya video, chagua "Stats for nerds". Utaona jina la kodeki: av01 ni AV1, vp09 ni VP9, avc1 ni ile H.264 ya zamani. Kama mashine yako ni ya gen ya 4 na unaona av01, umepata mwenye anakumaliza. Ukitumia Firefox, andika about:config pale juu, tafuta media.av1.enabled, uizime. Ama weka kiongezi kinaitwa enhanced-h264ify, chenye kinaomba YouTube ikupee H.264. YouTube bado wanaweka H.264 hadi 1080p.

Lakini ujue bei yake. H.264 inakula bando zaidi kwa ubora ule ule. Ukiwa na WiFi ya chuo, endea H.264 bila wasiwasi. Ukiwa kwa bando lako, shuka hadi 480p ndio hesabu ibalance. Hakuna cha bure hapa, unachagua tu ulipe na nini: bando ama chipu.

Kwa wale wanatafuta doo na video

Hii stori sio ya movie pekee. Kakamega kuna mbogi ya vijana wanatengeneza content kali. Vita vya fahali Khayega na Malinya, isukuti yenye UNESCO waliiweka kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka 2014, mechi za Bukhungu, harusi za wikendi. Msee anashuti na iPhone ya kuazima, anafika kwa rum, anamwaga kwa EliteBook ya gen ya 4, na programu ya kuhariri inaganda hapo hapo.

Sababu ni hii: tangu iOS 11 ya 2017, iPhone nyingi zinarekodi kwa H.265 bila kukuuliza. Kuanzia iPhone 12 kuna ile HDR ya bit 10 pia, yenye hata gen ya 6 inaikataa.

Dawa inaanza kabla fahali hawajaingia uwanjani. Kwa iPhone, ingia setingi za kamera, sehemu ya Formats, chagua "Most Compatible", na uzime HDR ya video. Samsung nyingi nazo ziko na swichi ya kuzima hiyo ya kubana video. Faili itakuwa kubwa, so beba nafasi ya kutosha.

Ka ushashuti tayari, kuna HandBrake, ya bure. Chagua ile setingi imeandikwa "Fast 720p30", iache ifanye kazi usiku ukilala, asubuhi uko na H.264. Ama tumia Kdenlive ama Shotcut, pia za bure, ziko na kitu inaitwa proxy: zinakutengenezea nakala ndogo ya kuhariri, alafu mwisho zinatoa video kutoka kwa ile kubwa ya ukweli. Watu wanahariri hivo kwa mashine za zamani na mteja hawezi jua tofauti.

Tushaiona hii movie

Wale walikuwa wanajielewa 2015 wanakumbuka. Kenya ilikuwa inahama kutoka TV ya analojia kwenda dijitali, na Februari hiyo Citizen, NTV na KTN zikapotea hewani karibu wiki tatu. Kulikuwa na hofu kwa kila nyumba: TV ya chogo imekufa, lazima ununue mpya.

Haikuwa imekufa. Ulihitaji tu kisanduku kidogo kinachojua kusoma signo mpya. TV za chogo ziliendelea kuonyesha habari za saa moja miaka mingi baada ya hapo. Wenye waliumia ni wale walikimbia kununua kisanduku kabla ya kuuliza ni cha aina gani, juu visanduku vya mfumo wa kwanza, DVB-T, havikuweza kushika DVB-T2 yenye Kenya iliishia kuchagua.

Funzo la 2015 ni lile lile la leo. Teknolojia ikibadilika, swali la kwanza ni "kisanduku changu ni gani?" Kununua mashine mpya ni swali la mwisho. Kwa lapi yako, kisanduku ni programu ya bure.

Lakini presha ni ya ukweli

Nisikudanganye ati kila kitu kiko sawa. Microsoft walifunga sapoti ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya gen ya 8 kwenda juu. Ukiangalia ile orodha yetu pale juu, EliteBook 840 G1 hadi G4 zote zimefungiwa nje kwa kalamu moja, hata ile G4 yenye inafungua H.265 bila kutoka jasho.

Njia ziko. Microsoft walifungua mwaka mmoja wa ziada wa apdeti za usalama hadi Oktoba 2026, na kuna njia za kuupata bila kulipa, ka kuunganisha setingi zako na akaunti yao. Linux Mint nayo ni bure, inakubali gen za kitambo, na VLC, Firefox na Kdenlive zote ziko huko.

Na usidhani mpya ndio dawa ya kila kitu. 2025 iliripotiwa kwamba HP na Dell wamezima uwezo wa H.265 kwa baadhi ya lapi zao mpya za ofisi, ingawa chipu ndani inaweza. Msee ananunua mpya kabisa na bado inamnyima.

Dunia nayo imejaa taka za stima. Ripoti ya kimataifa ya 2024 ilihesabu tani milioni 62 zilizozalishwa mwaka 2022 pekee. Kila lapi inatupwa juu ya kodeki inaongezea hapo.

So lawama isibebwe na mwanafunzi pekee. Vyuo zinaweza saidia bila bajeti yoyote. MMUST, Sigalagala Poly na wengine wakiweka somo kwa video, waiweke kwa H.264 ya 720p, na kila mwanafunzi ataiona, hata mwenye ako na gen ya 3. Ofisi za kaunti zikiweka matangazo na fomu za kazi kwa video, zifanye hivo hivo. Na wauzaji wa lapi waandike gen kwa kibandiko cha bei, ka venye duka inaandika tarehe ya maziwa.

Hizi kodeki mpya zitaendelea kuja, hiyo haina breki. Lakini mwenye kuamua ni lini lapi yako imekufa asikuwe mtu ako California, wala muuzaji pale tao. Leo jioni fungua mashine yako, soma ile namba ya prosesa, weka VLC mpya, shusha hadi 720p. Ikicheza, ulikuwa karibu kutoa doo ya rent bure.

Na ka bado unakwama, tuambie: yako ni gen ya ngapi?